Tuanzie pale mtoto alipoishia



Jumapili ya Januari 26, 2025, Kanisa liliadhimisha Dominika ya Neno la Mungu. Kama ulikuwa kwenye misa siku hiyo, utakumbuka kwamba somo la kwanza lilitoka kitabu cha Nehemia, sura ya nane. Kuhani Ezra amesimama juu ya jukwaa la mbao, watu wamekusanyika uwanjani mbele ya Lango la Maji, wanaume kwa wanawake na wote waliokuwa na umri wa kuelewa, na kitabu cha Torati kinasomwa tangu asubuhi hadi adhuhuri. Nilihubiri juu ya somo hilo katika misa mbili, nikaenda kula chakula cha mchana nikiwa nimeridhika na nafsi yangu. Usiku wa kuamkia Jumatatu mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ukaangukia mikononi mwa waasi wa M23. Majuma matatu hivi baadaye ikawa zamu ya Bukavu.

Kalenda ya liturujia ni moja duniani kote. Wakristo wa Kivu nao walipangiwa somo hilohilo Dominika ile. Tangu hapo Ezra na jukwaa lake hawajanitoka kichwani.

Hebu tujiulize watu wale wa Lango la Maji walikuwa akina nani. Ni wazao wa waliohamishwa kwa nguvu kwenda Babeli baada ya Yerusalemu kuchomwa moto mwaka 587 kabla ya Kristo. Vita ilikuwa imewanyang'anya nyumba, hekalu na ukuta wa mji, lakini ilikuwa imewanyang'anya pia kitu kisichoonekana kwenye magofu, yaani masomo. Seminarini tulifundishwa kwamba huenda wengi wao walikwisha kuzoea Kiaramu, na Kiebrania cha kitabu kilikuwa kimeanza kuwapiga chenga. Mwishoni mwa kitabu hichohicho Nehemia analalamika kwamba katika baadhi ya familia nusu ya watoto hawakujua kusema lugha ya Wayahudi. Kwa maneno ya leo, tukio lile la uwanjani lilikuwa darasa la kufidia masomo.

Na tazama lilivyoendeshwa (Neh 8:7-8). Ezra angeweza kusoma kitabu haraka, akakifunga na kusema kazi imekwisha. Haikuwa hivyo. Walawi walipita katikati ya watu, wakasoma kipande kwa kipande, wakafafanua, mpaka watu wakaelewa. Hawakupimwa kwa kurasa zilizosomwa. Walipimwa kwa kilichoingia vichwani.

Sasa twende Kivu. Mwezi Februari 2025 UNICEF ilieleza kwamba shule na vituo vya kujifunzia zaidi ya 2,500 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini vilikuwa vimefungwa, na watoto wapatao 795,000 hawasomi. Desemba iliyotangulia idadi hiyo ilikuwa 465,000.

Shule, ndugu msomaji, haifi kwa bomu peke yake. Chumba cha darasa kinageuka mahali pa kulala familia nne. Madawati yanageuka kuni, kwa sababu watoto wanataka uji na hakuna njia nyingine ya kuuchemsha. Daftari la mahudhurio linapotea, na pamoja nalo ushahidi kwamba mtoto fulani aliwahi kufika darasa la nne. Benki za Goma zilifunga milango, na mwalimu asiyepata mshahara atafundisha wiki mbili, tatu, kisha ataanza kuuza mkaa. Tena wengi wa watoto hao hawakuanza kukimbia mwaka 2025. Vita hii iliwaka upya mwishoni mwa 2021. Mtoto aliyetoka Rutshuru au Masisi akiwa darasa la pili, akakaa kambini pembeni mwa Goma, akapata darasa chini ya turubai, alitawanywa tena kambi zile zilipovunjwa Februari 2025. Ukimuuliza yuko darasa la ngapi atakutajia bila kusita. Ukimpa kitabu asome, hiyo ni habari nyingine.

Watoto hawa ni majirani zetu hasa, hata kwa lugha. Mtoto wa Bukavu anapokwambia anaenda "ku masomo", ana maana anaenda shuleni. Huwa napenda neno hilo. Linaniambia kwamba kwao kinachoitwa shule ni kusoma kwenyewe, hata jengo lisipokuwepo.

Bunduki zikinyamaza, popote duniani, watu wazima wote hushikwa na wazo moja: tukimbize. Tufidie muda. Jumamosi wasome, likizo zifutwe, saa ziongezwe, mtaala umalizike kabla ya mtihani. Sisi wenyewe tulionja kidogo, tena bila vita. Mwaka 2020 shule zetu zilifungwa kwa sababu ya korona tangu katikati ya Machi. Kidato cha sita wakarudi Juni 1, wengine Juni 29. Zilipofunguliwa kila mzazi aliyekuja ofisini kwangu alikuwa na neno "mtaala" mdomoni, na tuisheni zikachipuka kama uyoga. Mwalimu mmoja, mwanaparokia wangu wakati huo, alinieleza kwa uchovu: "Baba, mada zote nimezimaliza. Ila sijui kama wanafunzi nao wamezimaliza."

Fikiria basi linalotoka Dar es Salaam kwenda Mwanza. Pale Morogoro abiria mmoja ameshuka kujisaidia na likamwacha. Dereva anaambiwa wamekaribia Dodoma. Anasikitika sana, anaomba radhi, halafu anakanyaga mafuta ili kufidia. Abiria wetu bado yuko Morogoro. Mtoto aliyekatizwa masomo akiwa anajifunza kugawanya, ukamrudisha miaka mitatu baadaye ukamwekea sehemu na desimali kila siku pamoja na Jumamosi, umemwongezea basi mwendo.

Nayasema haya kwa sababu nimewahi kuwa dereva huyo.

Mwaka 2000 nilikuwa padre kijana katika parokia moja ya mwambao wa Ziwa Tanganyika, mkoani Kigoma. Upadre wangu ulikuwa haujafikisha miaka miwili. Mama mmoja wa jumuiya alikuwa amempokea mtoto wa kaka yake kutoka Fizi, ng'ambo ya ziwa. Wabembe wako pande zote mbili za maji, na vita ya 1996 ilipoanza undugu huo ndio uliookoa wengi. Kijana huyu alikuwa na miaka kumi na minne. Vita ilipofika kwao alikuwa darasa la pili, na tangu hapo hakuwa amekaa darasani.

Mama aliniomba nimtafutie shule. Mwalimu mkuu wa pale alimsikiliza kijana kwa dakika kama kumi, akamsomesha mistari miwili, akasema aanze la pili, tena yeye mwenyewe atamfundisha jioni kusoma mpaka apande. Nilikasirika. Nikaona ni kumdhalilisha kijana mrefu kama yule kumketisha na watoto wanaobadilisha meno. Nilikuwa nimevaa kola ya kipadre, na nilijua kola hiyo ina uzito gani kijijini. Nikabishana mpaka mwalimu akashindwa kunikatalia. Kijana akaingia darasa la tano.

Alikaa nyuma kabisa. Kila nilipopita shuleni nilimwomba anionyeshe daftari, nami nilifurahi, kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa wenzake wote. Kila herufi ilikaa mahali pake. Sikujua kwamba alikuwa anachora. Ubao ulikuwa picha, naye alikuwa anainakili.

Nilikuja kujua siku ya mazoezi ya Utoto Mtakatifu. Nilimpa asome somo la sikukuu mbele ya watoto wenzake. Akasimama wima, kitabu mkononi, akasoma vizuri mno, kwa sauti na kwa vituo. Binti mdogo aliyekuwa karibu naye akanivuta kanzu: "Baba, huo ukurasa siyo." Kweli, kitabu kilikuwa kimefunguka mahali pengine kabisa. Kijana alikuwa amelikariri somo zima kwa kumsikiliza mwenzake. Watoto wakaangua kicheko. Nami, Mungu anisamehe, nilitabasamu.

Hakurudi tena, wala kanisani wala shuleni. Baada ya mwezi mmoja nikasikia yuko kwenye mitumbwi ya dagaa.

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi. Kichwa kinachoweza kushika somo zima kwa kusikia tu ni kichwa cha ajabu. Mwalimu aliyeanza pale kijana alipoishia angekuwa na kazi ya mwaka mmoja, labda na nusu. Mwalimu mkuu yule aliliona hilo kwa dakika kumi. Mimi nilitazama urefu wa mtoto.

Mpendwa msomaji, wapo watu waliojifunza kufanya jambo hili vizuri, wala si siri. Kongo yenyewe inavyo vituo vya kufidia masomo ambako mtoto wa miaka tisa hadi kumi na nne, ambaye hakuanza shule au aliiacha, anasoma madaraka sita ya msingi kwa miaka mitatu. Sierra Leone ilifanya vivyo hivyo baada ya vita yake kwisha mwaka 2002: miaka sita kwa mitatu. Sisi Tanzania tunao MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa watoto walioikosa, ambao wengi wetu tunaufahamu kwa jina tu. Ukisikia "miaka sita kwa mitatu" unaweza kudhani ndiyo mbio zilezile nilizozilaani hapo juu. Hapana. Pale watu wanachagua. Wanaacha yale yanayorudiwarudiwa mwaka hadi mwaka, wanang'ang'ania kusoma, kuandika na hesabu mpaka vishike, na wanatumia ukweli kwamba mtoto wa miaka kumi na mbili, aliyekwisha kutumwa sokoni mara elfu, anaelewa kutoa na kujumlisha upesi kuliko wa miaka saba. Huko India shirika liitwalo Pratham limefanya kazi miaka mingi kwa njia nyepesi zaidi: kila mtoto anapewa aya fupi asome, kisha kwa saa kadhaa za siku watoto wanapangwa kwa kile wanachoweza kusoma, bila kujali umri wala darasa. Wachumi Abhijit Banerjee na Esther Duflo, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 2019, ni kati ya walioipima njia hiyo na kuona watoto wanasonga mbele.

Tusipofanya hivyo deni halifutiki lenyewe. Mwaka 2004 wachumi wawili, Andrea Ichino na Rudolf Winter-Ebmer, walichapisha utafiti juu ya watu wa Ujerumani na Austria waliokuwa na umri wa miaka kama kumi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Watu hao walisoma kidogo kuliko waliowatangulia na waliowafuata, na miaka arobaini baadaye pengo hilo lilikuwa bado linaonekana kwenye kipato chao. Uswisi na Sweden, nchi ambazo hazikuingia vitani, hazikuwa na pengo la namna hiyo. Na Ujerumani ilikuwa na viwanda na fedha za kujijenga upya. Sembuse Masisi.

Labda utaniambia: lakini Baba, wapo waliosoma vitani na wakafika mbali. Wapo, na sisi Wakatoliki tunaye mmoja tunayempenda. Karol Wojtyła, tuliyekuja kumfahamu kama Yohane Paulo wa Pili, alikuwa na mwaka mmoja tu wa chuo kikuu pale Krakow wakati Wajerumani walipoivamia Poland Septemba 1939. Novemba maprofesa wakakamatwa, chuo kikafungwa. Kijana akaenda kuvunja mawe machimboni, kisha kiwanda cha kemikali. Mwaka 1942 akaanza masomo ya upadre kwa siri, akisoma falsafa kiwandani wakati wa zamu ya usiku, na Novemba 1, 1946 akapadirishwa. Tumezoea kuisimulia habari hii kama sifa ya kijana peke yake. Siku hizi mimi namtazama zaidi Askofu Mkuu Adam Sapieha, aliyefungua seminari mafichoni huku akijua adhabu yake, na mwaka 1944 akawahifadhi waseminari ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kijana aliweza kusoma gizani kwa sababu kuna mkubwa aliyekubali kuhatarisha maisha ili amfundishe.

Kikwazo kikubwa ninachokiona kwetu, kuliko hata fedha, ni aibu. Tunamwonea aibu mtoto mkubwa katika darasa dogo, kisha tunamwachia yeye aibu hiyo aibebe. Ajabu ni kwamba kanisani hatuna tatizo hilo. Mzee wa miaka sabini akija kwenye mafundisho ya ukatekumeni anaanza na Ishara ya Msalaba, na hakuna katekista anayemwambia aende akakae na wa Kipaimara kwa sababu ana mvi. Tunampigia vigelegele. Kwa nini basi msichana wa miaka kumi na sita, aliyeozwa kambini na sasa ana mtoto mgongoni, akitaka kujifunza kusoma tunamnong'ona? Serikali yetu iliwaruhusu mabinti waliokatiza masomo kwa ujauzito kurudi shuleni tangu mwishoni mwa 2021. Ruhusa ya majirani ndiyo bado.

Unamkumbuka mwenye shamba la mizabibu (Mt 20:1-16). Saa kumi na moja jioni anawakuta watu wamesimama sokoni. Anawauliza sababu, wanamjibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Wala hawahubirii juu ya kuchelewa. Anawaambia waende nao shambani. Wanaolalamika ni wale wa alfajiri, na nikisikia mzazi akisema kwamba watoto wakubwa wa wakimbizi wanamchelewesha mwanawe darasani, najua malalamiko hayo yalianzia wapi.

Kwa hiyo naomba mambo machache, hasa kwa ninyi mnaoishi Kigoma na popote ambapo mtoto wa vita amefikia nyumbani kwa ndugu. Katika kambi ya Nyarugusu, iliyopo tangu 1996, watoto wa Kikongo wanafuata mtaala wa kwao kwa Kifaransa wakitarajia kurudi. Aliye nje ya kambi anajikuta mbele ya ubao wa Kiswahili cha vitabu, na Kiswahili chake cha nyumbani kinachekwa. Usianze kwa kumuuliza darasa la ngapi. Kaa naye, mpe ukurasa mmoja, msikilize. Kisha fungua ukurasa mwingine.

Mwalimu mstaafu uliyeko parokiani, saa yako moja ya jioni mara tatu kwa wiki ni zaidi ya madaftari mia. Ukumbi wa parokia unakaa mtupu Jumatatu hadi Ijumaa ukisubiri sherehe za harusi. Baba paroko mwenzangu, ufunguo unao. Na sadaka ya Caritas ikitangazwa kwa ajili ya Kongo, ujue kwamba kwa miaka mingi Caritas ya nchi hiyo imekuwa ikisaidia kufikisha mishahara kwa walimu wa vijijini.

Usishangae pia mtoto akianza kulia katikati ya somo. Hata wale wa Lango la Maji walilia walipoelewa walichosomewa. Nehemia na Ezra hawakuwakaripia. Waliwaambia waende wakale vinono, wanywe vitamu, na wawapelekee sehemu wale ambao hawakuandaliwa kitu. Uji kwanza, basi, na mchezo, na wimbo. Herufi zitangoja nusu saa. Kesho yake, kitabu kinasema, wakuu wa koo pamoja na makuhani na Walawi walewale waliofundisha walirudi kwa Ezra, nao wajifunze zaidi (Neh 8:13).

Mwalimu mkuu niliyebishana naye alikwisha kustaafu siku nyingi. Mwaka juzi nilipita Kigoma, nikamtafuta mpaka nikampata, nikamwomba radhi. Alicheka, akasema alikwisha kusahau ugomvi wetu. Kisha akaniuliza kijana yule yuko wapi siku hizi. Sikuwa na jibu la kumpa.